Maalim Anajibu: Mtoto Aende Pwani au Tuisheni?

Asalaam alaykum wasomaji wetu. Toleo lililopita niligusia kidogo habari za vijana wa Kanada na Australia wanaosomeshwa maporini na baharini na wazee wao wenyewe, nikasema mwenye suali alete. Mmeleta kweli, na wengine mmetuma voisi ndefu mpaka nikazisikiliza huku namenya muhogo. Zinazofanana nimezichanganya, majina nimeyatoa kama kawaida yetu, na yale matusi ya yule bwana wa Darajani nayo nimeyatoa.

*

Shkamoo Maalim. Mie kijana wa kike nipo Chake, nimemaliza fom foo nipo nyumbani tu. Nimeona vidio vijana wa Kanada wapo kwenye theluji wanavua samaki chini ya barafu, bibi mmoja kizee anawaelekeza, na wanasema eti ndo chuo chao. Ile ni skuli kweli yenye cheti au ni kutalii tu? Na kwa nini nchi tajiri kama ile vijana wake wakasomee porini?

Marahaba mwanangu. Hiyo vidio siijui, ila ulivyoieleza inafanana sana na kazi za Dechinta, kituo cha masomo kilichopo kaskazini kabisa ya Kanada, upande wa mji wa Yellowknife, kwenye ardhi ya watu wanaoitwa Wadene. Pale wanafunzi wanakaa porini wiki kadhaa, asubuhi wanaweza kuwa wanatega nyavu au wanalainisha ngozi ya mnyama, mchana wanakaa kitako wanajadili vitabu, mikataba na historia ya ardhi yao. Na ni masomo yenye cheti, mana wanashirikiana na Chuo Kikuu cha British Columbia na masomo yanahesabiwa kule. Kuna profesa wa chuo hicho, Glen Coulthard, ambae mwenyewe ni Mdene, anafundisha pale. Lakini bibi kizee uliemuona nae ni mwalimu, tena analipwa kama mwalimu, hakuitwa pale kupigwa picha na kupewa soda. Hilo liweke akilini nitalirudia huko chini kwa wale vijana wa Charawe.

Kwa nini nchi tajiri? Hapo ndo penye habari yenyewe. Kanada kwa zaidi ya miaka mia walikuwa na skuli za bweni za serikali na makanisa, watoto wa wenyeji wa asili wanachukuliwa kwa wazee wao, wanakatwa nywele, wanakatazwa kusema lugha zao, mwenye kusema anapigwa. Watoto zaidi ya 150,000 walipitishwa humo, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, yaani juzi tu, wewe hujazaliwa lakini mama yako alikuwepo. Wengi hawakurudi nyumbani hai. Serikali iliomba radhi mwaka 2008, tume ya ukweli ikamaliza kazi yake 2015 ikatoa mambo 94 ya kufanywa. Sasa ukiangalia hivyo utaona kumrudisha kijana porini na bibi yake pale si starehe, wanaunga kamba iliyokatwa makusudi, lugha, chakula, dawa, majina ya mito, yote yalikuwa kwa wazee na wazee wanaondoka.

Tena hawakuanza jana. Huko huko Kanada upande wa pwani ya magharibi kuna visiwa vinaitwa Haida Gwaii, na wenyeji wake Wahaida tangu 1981 wana walinzi wao wanaokaa msimu wa joto kwenye vijiji vya kale vya mababu, wanalinda na kuwaeleza wageni. Wazee na vijana wanakaa pamoja kisiwani, kijana anajifunza kwa kukaa nae tu mzee, usiku na mchana. Mie hiyo naipenda kuliko zote. Ni kazi ya kweli yenye jukumu, na kijana akijua kuna kitu kinamtegemea anasikiliza vizuri zaidi.

*

Maalim mimi ni mvuvi wa Kojani. Tukenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani, namchukua mtoto wangu wa kiume ana miaka 13. Mwalimu mkuu kaniita mbele ya kamati kasema namharibia mtoto maisha. Mie babangu alinichukua hivo hivo na leo najua bahari yote toka hapa mpaka Tanga. Wewe umeandika wazungu wanasomesha watoto baharini, sasa mie kosa langu nini?

Kwanza hao si wazungu kaka yangu, ni wenyeji waliokutwa na wazungu. Pili, usinitumie mie kumjibia mwalimu mkuu, hapo kwa mwalimu mie nipo upande wake.

Mtoto wa miaka 13 skuli ni haki yake na ni lazima, na dago la miezi, mtoto analala ufukweni na watu wazima, anapiga mbizi, mwenye kumuangalia nani wakati wewe upo kwenye nyavu? Wangapi tunawajua walokwenda dago la kaskazi hawakurudi tena darasani, si kwa sababu wajinga, kwa sababu wameshashika pesa mkononi na aibu ya kukaa na wadogo zao darasa moja inawashinda.

Lakini nusu ya maneno yako ni kweli na mwalimu mkuu nae ayasome haya. Kaskazini ya Australia, eneo la Arnhem Land, pahala kama Maningrida na Yirrkala, tangu 2013 wana mpango ambao walinzi wa ardhi wa kienyeji, wazee wenye ardhi na walimu wa skuli wanakaa pamoja kupanga, watoto wanatoka na wazee ndani ya ratiba ya skuli, mwalimu yupo, rejista inaitwa, na walichokifanya huko kinaingia kwenye masomo. Wanafuata nyayo za wanyama, wanajifunza moto wa mapema wa kiangazi unavyochomwa ili moto mkubwa usije kuunguza kila kitu baadae, wanapima maji. Hao walinzi nao ni ajira, serikali yao inawalipa kwa mpango ulioanza 2007, kwa hiyo mtoto anaona kabisa kuwa ujuzi wa babu una mshahara mbele yake. Hapo hakuna alieachishwa skuli.

Sasa wewe ulichonacho kichwani ni hesabu na jiografia tupu. Bamvua maji makubwa na maji mafu madogo, mvuvi anaangalia tarehe ya mwezi tu anajua leo maji yatapwa mpaka wapi, mwezi mchanga na mwezi mpevu bamvua, katikati yake maji mafu, na kila siku maji yanachelewa kiasi cha dakika hamsini. Mtoto wa darasa la saba akipewa hiyo kama hesabu ataifanya kwa furaha kuliko lile treni linalotoka Dodoma saa mbili ambalo hajaliona maishani. Nenda kamwambie mwalimu, mwalimu nikubalie nije Jumamosi mbili kwa mwezi nichukue darasa pwani. Na dago mtoto aende likizo ndefu, kwa siku za kuhesabika, abaki chomboni na pwani, asipige mbizi.

Na jambo moja usinikasirikie. Si kila tulichoachiwa na wazee ni cha kurithisha. Kuvua kwa utupa, ile sumu ya mmea, na kupiga miamba kwa kigumi pia kuna wazee wanaojua vizuri sana. Hivyo mwache mtoto avijue kwa jina tu ili akiviona avikatae.

*

Maalim mie mama wa Paje. Kuna kikundi kinataka kuchukua watoto wakike na wakiume kuwafundisha mambo ya bahari. Bintiangu ana miaka 14 anataka sana. Mama mkwe kasema bahari si ya mtoto wa kike. Na kweli hajui kuogelea hata mie sijui.

Bi mkubwa wangu, na mama mkwe nae umpe salamu zangu kwa heshima zote, lakini muulize hivi: nani aliyekuwa akishuka pwani maji yakipwa kutafuta pweza, chaza na kombe? Nani alokuwa akifukia makumbi kwenye matope, anayatoa baada ya miezi anayaponda anasokota kamba? Na mwani huo uliojenga nusu ya nyumba za Paje na Jambiani toka ulipoanza kulimwa kibiashara 1989, wanaume walikuwa wapi? Pwani ya maji kupwa hapa kwetu ni ya wanawake, kwa hiyo mwalimu wa bintiako si lazima awe kijana wa kikundi mwenye fulana ya mradi, anatakiwa awe mama wa makamo anaejua kila shimo la pweza kwa jina.

Hilo la kuogelea ndo silichukulii mchezo. Mwani ule wenye bei nzuri, mnauita kotoni, miaka hii umekuwa unakufa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu maji yanachemka, joto limezidi, na maji yakiwa moto unapata maradhi unakatika. Kwenye maji ya kina umekuwa ukihimili vizuri zaidi. Asa nani atakwenda kwenye kina wakati wakulima karibu wote ni wanawake na hawajui kuogelea? Mnaona, hali ya hewa inabadilika na jawabu limekwama kwenye jambo dogo kama hilo. Huko Nungwi watoto wakike wamefundishwa kuogelea na walimu wanawake, wamevaa nguo za kufunika mwili mzima, na hakuna dini iliyovunjika.

Kwa hiyo sharti lako liwe hili: kundi la wakike peke yake au wakae mbali na wakiume, mwalimu mwanamke, mama mmoja au wawili wafuatane nao (nenda wewe mwenyewe, kule Dechinta wanafunzi wanaruhusiwa kwenda na watoto wao, familia nzima inajifunza), somo la kwanza kabisa liwe kuogelea na lisizidiwe na jengine lolote, ratiba isigonge madrasa. Wakikataa masharti haya basi hawakujiandaa na bintiako abaki nyumbani. Wakikubali, mwache aende. Na akirudi mwambie akueleze kwa nini watu wa Kisiwa Panza huko Pemba waliwahi kufunga sehemu ya mwamba wao kwa muda pweza wasivuliwe. Jawabu ni kuwa pweza anakua haraka mno, ukimpa miezi michache tu unarudi kukuta mzito maradufu. Bibi za zamani hilo walilijua, sema siku hizi kila mtu anaogopa akimwacha leo atachukuliwa na mwengine kesho, na ndo mana lazima kijiji kizima kikubaliane.

*

Je Maalim, kumpeleka mtoto Mwaka Kogwa Makunduchi ni haramu? Wengine wanasema ni ushirikina wengine wanasema ni utamaduni. — Mzazi, Fuoni

La halali na haramu muulize sheikh wako, mie nilisomesha jiografia.

Ila kwa upande wangu wa jiografia nitakuambia kitu. Watu wanaona fujo za migomba tu na kibanda kinachochomwa, wanasahau kuwa siku ile ni mwanzo wa mwaka wa jua. Mwaka wetu wa Kiislamu unafuata mwezi, unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, ndo mana Ramadhani tunaifunga masika na baada ya miaka tunaifunga kiangazi. Mkulima na baharia hawawezi kupandia mpunga kwa kalenda hiyo. Basi wazee walikuwa na hesabu ya pili, wanaanzia siku hiyo hiyo, ndiyo Nairuzi, wanahesabu kumi kumi, kila kumi ni mwongo, miongo 36 na siku tano za kuzidi unapata 365 mwaka umetimia. Mtu anakwambia mwongo fulani kusi inakaza, mwongo fulani chombo kisitoke, mwongo fulani tia mbegu. Na juu yake kuna nyota, kilimia, wanasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mtoto wako akenda Makunduchi akarudi na picha za migomba tu umepoteza nauli. Mtafutie mzee amkalishe amhesabie miongo.

Na usidhani hizi hesabu zikipotea zitarudi kirahisi. Wahawaii walipotengeneza chombo chao cha kale kinaitwa Hōkūleʻa miaka ya sabini, wakataka kwenda nacho Tahiti bila dira, kwao hapakuwa na mtu hata mmoja aliebaki anaejua kuongoza kwa nyota safari kama ile. Ikabidi wamtafute Mau Piailug kutoka kisiwa cha Satawal, huko mbali Maikronesia, yeye ndie aliewafikisha mwaka 1976. Aliwafundisha na watu wasiokuwa wa kwao, jambo ambalo si kila mtu kwao alilipenda, na leo vijana wa Hawaii wanaongoza wenyewe. Sie bado tuna wazee wetu Tumbatu na Makunduchi hatuna haja ya kukodi mtu.

*

Maalim sisi vijana wa Charawe tumeunda kikundi, tunataka tuwe tunachukua watoto wa skuli msituni na kwenye mikoko. Kuna mfadhili anataka tuandike proposali na tuseme tutapanda mikoko mingapi. Wazee nao wanataka posho. Na kuna mwenzetu kasema mambo haya ni ya "watu wa asili" kama Wahadzabe, sie hayatuhusu. Tuanzie wapi?

Nianze na huyo mwenzenu. Umoja wa Mataifa ulipitisha tamko la haki za watu wa asili 2007 na Tanzania ilipiga kura ya ndio, wakati Kanada na Australia hao hao ninaowasifia leo walipiga ya hapana, walikuja kubadilika baadae. Huko bara Wahadzabe na Wamasai wana madai yao ya ardhi na ni mazito. Hapa visiwani kuanza kupimana nani mwenyeji zaidi ya mwenzie ni mlango ambao tumeshauona unapoelekea, tuuache umefungwa. Hamhitaji jina la mtu ili mfundishe mtoto wa Charawe kuujua msitu wa Charawe.

Asa kazi. Mmetaja mfadhili kabla ya wazee, na kwenye barua yenu wazee wameingia kama tatizo la posho. Igeuzeni. Fedha za mfadhili zikija kabla hamjakaa na wazee, atakaeamua mtoto afundishwe nini ni yule wa mjini mwenye fomu, na fomu siku zote inataka idadi. "Mikoko mingapi?" Nikwambieni yanayotokea: watu wanapeleka watoto mia na mabango, wanachomeka mbegu za mkoko kwenye tope lolote lililo wazi, picha zinapigwa, baada ya miezi yote imekufa, mana pale hapakuwa pahala pake. Mzee mkata boriti angewaambia toka mwanzo. Mkoko unataka tope linalofikiwa na maji vizuri, mkandaa unakaa juu zaidi, mchu una mizizi yake inachomoza kwenye tope kama penseli inavuta hewa, ukiifukia kwa mchanga mti unakufa. Na pahala pengine tope lipo wazi kwa sababu ni malisho ya samaki na majani ya baharini, ukipanda umeharibu. Mara nyingi ukiacha kukata tu na ukazibua njia ya maji, mikoko inaota yenyewe bila ya bango. Mwandikieni mfadhili hivyo hivyo. Akikataa, basi mlikuwa mnataka kuajiriwa kupanda miti, si kufundisha watoto.

Wazee kutaka posho wana haki, yakhe. Mtaalamu akija kutoka mjini kutoa semina mnamlipa perdiem na chai, mzee aliyeujua msitu miaka sitini mnataka aje bure kwa sababu ni babu yenu? Kule Dechinta wazee wanalipwa. Pangeni kiwango kimoja kinachojulikana na kila mtu, mlipeni siku hiyo hiyo mkononi, na muwe na wazee zaidi ya mmoja, mwanamke na mwanamme, ili mradi usiwe wa ukoo mmoja.

Mambo ya vibali si magumu kama mnavyofikiri. Nendeni kwa sheha kwanza, halafu kamati yenu ya uhifadhi ya shehia, mana sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996 inaruhusu jamii kuingia mkataba na serikali kusimamia msitu wake, na shehia zenu huko zimepakana na Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu 2004. Kwa hiyo kabla ya kuingiza watoto ongeeni na hifadhi, wanaweza kuwapa mtu wa kufuatana nanyi. Skuli nayo itake barua ya mzazi kwa kila mtoto.

Mfundishe nini siku ya kwanza? Msiwapeleke kuangalia kima punju kama watalii. Wakulima wa pembeni ya Jozani wana kesi na kima punju anaekula mazao yao, basi watoto wasikie pande zote mbili, mkulima aseme, mtu wa hifadhi aseme. Wakaone kima anavyokula makaa kwenye matanuri ya zamani, jambo la ajabu kabisa, wataalamu wanaona makaa yanamsaidia tumboni na sumu za majani ya miembe na mikungu anayoyala. Mzee mchoma makaa atawaambia aliona hilo zamani sana kabla ya mtaalamu. Mtoto akiona mzee wake alijua kitu kabla ya profesa, hapo heshima inarudi yenyewe, hamna haja ya kuhubiri.

Na masheikh msiwaache nje. Misali, kile kisiwa cha wavuvi magharibi ya Pemba kilichofanywa eneo la hifadhi 1998, wavuvi walikuwa hawasikii la mtu kuhusu baruti na nyavu za kuharibu mpaka yalipoletwa mafundisho ya dini, kuwa bahari ni amana na binadamu ni khalifa tu. Kisiwa chenyewe wazee wanasimulia Nabii Khidhr alitaka msala wa kusalia akaambiwa hakuna, akasema basi kisiwa hichi kitakuwa msala wangu. Hadithi hiyo imelinda mwamba kuliko boti ya doria, na ustadhi wa madrasa anaweza kuisimulia pale pale chini ya mti. Hivyo madrasa na mradi wenu visigombanie mchana wa mtoto, ustadhi awe mmoja wenu.

Usalama sikuachieni: jaketi za kuelea kwa kila atakaepanda chombo, mtu anaejua huduma ya kwanza, viatu vya kushukia pwani kwa ajili ya taa mwenye mwiba, mnatoka na maji yanapwa mnarudi kabla hayajaanza kujaa, na siku ya bamvua hesabuni watoto mara mbili. Kaskazi ikikaza safari inavunjwa, hata mfadhili awe amekuja na kamera. Anzeni na watoto wachache mnaoweza kuwashika mkono, ishirini wengi mno kwa mara ya kwanza.

*

Mie mzee wa Makunduchi nnajua miti ya dawa. Wajukuu na wenzao wanakuja na simu wanataka kunirekodi, wanasema ni kwa ajili ya vizazi. Nnaogopa kesho nitaikuta dawa yangu inauzwa mjini kwenye chupa. Niwape nisiwape?

Shkamoo mzee wangu. Hofu yako si ya ushamba, ndiyo hofu ya wenzako dunia nzima. Huko Kanada wenyeji wa asili walichoka kuchunguzwa, tangu 1998 wana kanuni yao kwamba taarifa zinazowahusu ni mali yao, wanazisimamia wao, wanaamua nani azione, na wanakaa nazo wao wenyewe. Anaetaka kufanya utafiti kwao anakutana na kanuni hiyo mlangoni.

Wewe fanya yako. Wape wajukuu majina ya miti, wapi inaota, lini usikate, gome livuliwe upande gani ili mti usife, hayo ni mambo ya kuuhifadhi msitu na yakisambaa hayakudhuru, warekodi watakavyo. Vipimo, mchanganyiko na maneno yake usiseme mbele ya simu. Hayo mfundishe mmoja au wawili uliowaona wana subira, kwa kukaa nawe, wanatwanga, wanachemsha, wanakosea, unawarekebisha, hata ikichukua miaka. Na hizo simu, kabla hawajaanza mwambie mmoja wao aandike karatasi mbili kuwa rekodi haitiwi mtandaoni wala hapewi mtu bila ya ruhusa yako, na ukishafariki ruhusa ni ya nani, mtaje kwa jina. Wote watie saini mbele ya sheha, moja akae nayo yeye sheha na moja uweke wewe. Atakaekataa kutia saini, mpe chai aende zake.